Moyo na Kimeng'enya cha ALDH2: Pombe, Moshi na Presha Vinapokutana

Ifuatayo ni nakala kamili ya mazungumzo kuhusu afya ya moyo, yaliyotayarishwa ili yasomwe katika mabaraza ya wananchi, vikundi vya kina mama, vikao vya waendeshaji bodaboda na mikutano ya wahudumu wa afya ya jamii. Kikundi chochote kinaruhusiwa kuisoma kwa sauti na kuijadili.



Mazungumzo ya leo yanahusu kitu kidogo sana kisichoonekana kwa macho, ambacho kimo ndani ya mwili wa kila mmoja aliyeketi hapa. Wanasayansi wanakiita ALDH2. Ni kimeng'enya, yaani aina ya protini inayofanya kazi maalum mwilini. Kazi ya kimeng'enya hiki ni kusafisha. Huondoa sumu zinazoitwa aldehidi kabla hazijaharibu seli za ini, za mishipa ya damu na hasa za moyo.

Huenda mtu akauliza: mkulima, mama mboga au mwendeshaji bodaboda ana haja gani na jina gumu kama hilo? Haja ipo. Kimeng'enya hiki kinagusa mambo matatu ambayo wakazi huyajadili kila siku. La kwanza ni pombe, na ule usemi kwamba kidogo husaidia moyo. La pili ni moshi wa jikoni na wa sigara. La tatu ni maumivu ya kifua, ambayo watu wengi huyaita gesi au vidonda vya tumbo hadi wakati unapopita. Magonjwa ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayoua watu wengi zaidi duniani. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba yaliua watu milioni 17.9 katika mwaka wa 2019 pekee.

Aldehidi ni nini na zinatoka wapi?

Aldehidi si kitu kigeni. Formalini inayotumika kuhifadhi miili mochari ni aldehidi iliyoyeyushwa katika maji. Ile harufu kali ya mafuta ya kupikia yaliyochacha kwenye chupa hutokana kwa sehemu kubwa na aldehidi. Mafuta yakiachwa jikoni hadi yatoe moshi, unaowasha macho na koo ni aldehidi nyingine iitwayo akrolini. Moshi wa sigara, wa kuni na wa makaa nao umebeba kadhaa za jamii hiyo.

Mwili wenyewe pia huzitengeneza. Kuta za seli zimejengwa kwa mafuta, na mafuta hayo huweza kuchacha ndani ya mwili kama yanavyochacha kwenye chupa, hasa seli inapopatwa na mshtuko wa kukosa oksijeni. Aldehidi inayojulikana zaidi kati ya zile zinazotokea hapo inaitwa 4-HNE. Hunata kwenye protini za seli na kuzizuia kufanya kazi yake.

Chanzo kingine ni pombe. Mtu akinywa bia, busaa, mnazi, muratina, chang'aa au mvinyo wa bei ghali, ini hufanya kazi kwa hatua mbili. Katika hatua ya kwanza, kileo hugeuzwa kuwa asetaldehidi. Katika hatua ya pili, asetaldehidi hugeuzwa kuwa asetati, ambayo mwili unaweza kuitumia bila shida. Asetaldehidi ya katikati ndiyo sumu yenyewe. Mwaka 2009 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka asetaldehidi inayotokana na unywaji wa pombe katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Hatua ile ya pili, inayomtoa mtu hatarini, hutegemea zaidi ALDH2.

Machela ya watu wanne

ALDH2 hukaa ndani ya mitokondria, zile sehemu za seli zinazotengeneza nguvu. Misuli ya moyo ina mitokondria nyingi kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya mwili, kwa sababu moyo haupumziki. Hupiga takribani mara 100,000 kwa siku. Mahali penye kazi nyingi hupatikana taka nyingi, na ndiyo maana moyo unahitaji msafishaji aliye imara.

Kimeng'enya hiki hufanya kazi kikiwa kimeungana katika vipande vinne. Mfano wake ni machela inayobeba mgonjwa kutoka kijijini hadi barabarani. Watu wanne wakiwa wazima, mgonjwa hufika haraka. Mmoja wao akiwa kiguu, safari nzima huchelewa, hata kama wale watatu wana nguvu.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa watu wengi wa Asia Mashariki. Katika jeni inayotoa maelekezo ya kutengeneza ALDH2, iliyo kwenye kromosomu ya 12, herufi moja tu ya urithi imebadilika. Badiliko hilo hutoa kipande kilicho dhaifu. Mtu aliyerithi badiliko hilo kutoka kwa mzazi mmoja, nusu ya vipande vyake ni dhaifu. Vipande hivyo vikiungana vinne vinne bila mpangilio, ni kundi moja tu kati ya 16 litakalokuwa na vipande vizima vyote vinne. Ndiyo maana uwezo wa kusafisha hushuka hadi chini ya nusu. Aliyerithi kutoka kwa wazazi wote wawili karibu hana uwezo huo kabisa.

Inakadiriwa kuwa watu wapatao milioni 540, karibu asilimia 8 ya watu wote duniani, wanalo badiliko hilo, wengi wao wakiwa wa asili ya China, Japani, Korea na Taiwan. Wakinywa hata glasi moja ya bia, nyuso zao hugeuka nyekundu, moyo hudunda kwa kasi, kichwa huuma na kichefuchefu huwashika. Hiyo ni asetaldehidi iliyokosa wa kuiondoa. Baadhi yao huendelea kunywa licha ya dalili hizo, na watafiti wameona kwamba hao wako katika hatari kubwa zaidi ya kupata saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni.

Barani Afrika badiliko hili ni nadra sana. Lakini hiyo si sababu ya mkazi wa hapa kujipongeza. Mwenzake wa Asia ana kengele inayomwonya mapema. Mtu ambaye uso wake haubadiliki hana kengele, kwa hiyo ni rahisi kwake kuongeza chupa ya pili, ya tatu na ya nne. Sumu hupita mwilini kila mara, hata kama haikujitangaza usoni.

Moyo unapokosa damu

Mshtuko wa moyo hutokea mshipa unaolisha misuli ya moyo unapoziba. Sehemu ya moyo iliyo mbele ya kizuizi hukosa oksijeni na kuanza kufa. Madaktari hujitahidi kuufungua mshipa haraka iwezekanavyo, maana bila damu misuli yote ya sehemu hiyo itapotea. Hata hivyo, damu inaporudi kwa ghafla, mafuta ya kuta za seli huchacha kwa wingi na 4-HNE hufurika. Ni kama mvua kubwa baada ya kiangazi: maji yanahitajika, lakini mtaro ukiwa umeziba, maji hayohayo huingia nyumbani.

Hapo ndipo ALDH2 huonyesha thamani yake. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, wakiwemo Che-Hong Chen na Daria Mochly-Rosen, walichapisha matokeo ya majaribio yao kwenye jarida la Science. Waliona kwamba kadiri kimeng'enya hiki kilivyofanya kazi kwa nguvu, ndivyo madhara ya kukosa damu yalivyopungua. Kisha wakapata kemikali ndogo waliyoiita Alda-1, inayokiamsha kimeng'enya. Panya waliopewa kemikali hiyo kabla ya mshipa wao wa moyo kuzibwa walipata jeraha dogo kwa asilimia 60 kuliko wale ambao hawakupewa.

Inafaa kusisitiza kwamba hao walikuwa panya, na Alda-1 si dawa inayouzwa dukani. Mtu yeyote atakayeleta sokoni chupa na kudai ni dawa ya kuongeza ALDH2 moyoni, asiuziwe mtu kwake. Somo la jaribio lile ni tofauti. Linaonyesha kwamba jinsi moyo unavyonusurika hutegemea pia nguvu ya usafi wake wa ndani wakati shida inapofika. Na usafi huo unaweza kuzidiwa. 4-HNE ikijaa kupita kiasi hunata hata kwenye ALDH2 yenyewe na kuilemaza. Msafishaji hulemewa na taka zilezile anazopaswa kuziondoa. Majaribio kwa wanyama yameonyesha pia kwamba kisukari hupunguza kazi ya kimeng'enya hiki kwenye misuli ya moyo. Kwa hiyo, hata aliyezaliwa na jeni nzima anaweza kukidhoofisha kimeng'enya chake kadiri miaka inavyopita.

Kidonge cha chini ya ulimi

Wapo wakazi wenye ugonjwa wa moyo ambao wamepewa kidonge kidogo cha kuweka chini ya ulimi kifua kinapobana. Dawa hiyo ni nitrogliserini, na historia yake ni ya ajabu. Ni kemikali ileile ambayo Alfred Nobel wa Uswidi aliitumia kutengeneza baruti kali iitwayo dainamaiti. Madaktari waligundua katika karne ya 19 kwamba kiasi kidogo cha kemikali hiyo hutuliza maumivu ya kifua, na William Murrell wa Uingereza aliandika kuhusu matumizi hayo mwaka 1879. Nobel mwenyewe alipougua moyo uzeeni, madaktari walimwandikia nitrogliserini. Alifariki Desemba 1896.

Kwa zaidi ya miaka 100 watu waliitumia dawa hii bila kujua vizuri jinsi inavyofanya kazi. Baadaye iligunduliwa kwamba hutoa nitriki oksaidi, gesi inayolegeza mishipa ya damu. Ugunduzi kuhusu kazi ya gesi hiyo mwilini uliwapa Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad Tuzo ya Nobel ya mwaka 1998. Swali moja lilibaki: ni nini kinachoifungua dawa ili itoe gesi hiyo? Mwaka 2002 kundi la watafiti la Jonathan Stamler katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, lilionyesha kwamba mfunguzi mkuu ni ALDH2.

Jibu hilo lilieleza mambo mawili yaliyowasumbua madaktari. Kwanza, dawa ikitumiwa mfululizo bila kupumzika hupoteza nguvu, kwa sababu kadiri inavyofunguliwa ndivyo inavyokichosha kimeng'enya kinachoifungua. Ndiyo maana daktari hupanga saa za kutumia dawa za jamii hii na saa za kuiacha. Pili, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kwa wagonjwa wa China ulionyesha kwamba wenye lile badiliko la jeni hawakupata nafuu kwa kiwango sawa na wenzao.

Kwa mgonjwa wa hapa, mambo matatu yanafuata. Asibadilishe mpangilio wa dawa yake kwa ushauri wa jirani. Asimgawie mwenzake kidonge chake. Na mwanamume anayetumia nitrogliserini asitumie kamwe dawa za kuongeza nguvu za kiume kama vile sildenafili. Mchanganyiko huo huweza kushusha presha ghafla hadi mtu akapoteza maisha. Wengi huona aibu kumweleza mhudumu kwamba wanazitumia. Mhudumu wa afya ameapa kutunza siri. Aibu ya dakika mbili ni nafuu kuliko matanga.

Je, pombe kidogo husaidia moyo?

Huu ni usemi ambao umeenea mijini na vijijini. Kwa miaka mingi tafiti zilionyesha kwamba wanaokunywa kidogo hupata ugonjwa wa moyo kwa nadra kuliko wasiokunywa kabisa. Tatizo ni kwamba miongoni mwa wasiokunywa wamo walioacha kwa sababu tayari walikuwa wagonjwa. Na wanaokunywa kwa kiasi mara nyingi ni watu wenye kipato kizuri, lishe bora na uwezo wa kumwona daktari. Ilikuwa vigumu kujua kama ni pombe iliyosaidia au ni maisha.

ALDH2 ndiyo iliyosaidia kutatua swali hilo. Jeni za kuzaliwa nazo hazichaguliwi, na wala hazibadiliki mtu akiugua au akipata pesa. Wanaume wa China wenye badiliko lile hunywa kidogo sana kwa sababu pombe huwadhuru mara moja. Wasio nalo hunywa zaidi. Watafiti wa China na wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walitumia tofauti hiyo katika mradi mkubwa uliowasajili zaidi ya watu wazima 500,000 katika maeneo 10 ya China kuanzia mwaka 2004. Jeni za zaidi ya 160,000 kati yao zilichunguzwa. Matokeo yalitoka mwaka 2019 katika jarida la Lancet.

Wanaume ambao jeni zao ziliwafanya wanywe zaidi walikuwa na presha ya juu zaidi na walipata kiharusi mara nyingi zaidi. Hakukuwa na kiwango kidogo cha pombe kilichoonekana kuwakinga na kiharusi. Kuhusu mshtuko wa moyo, faida iliyokuwa ikisemwa haikuonekana waziwazi. Kisha watafiti wakawaangalia wanawake. Wengi wa wanawake wa maeneo yale hawanywi, ingawa jeni zao ni zilezile za kaka na baba zao. Kwao, jeni hizo hazikuleta tofauti ya presha wala ya kiharusi. Kama jeni zenyewe ndizo zingekuwa na madhara, wanawake pia wangeathirika. Jambo lililowatenganisha ni chupa.

Mwaka 2023 WHO ilitoa taarifa kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kusemwa kuwa salama kwa afya. Kwa hiyo mkazi asiyekunywa asianze kwa ajili ya moyo. Anayekunywa atanufaika kwa kila chupa anayopunguza, na presha yake ndiyo itakayokuwa ya kwanza kuonyesha nafuu. Hata hivyo, aliyezoea kunywa sana kila siku asiache kwa ghafla akiwa peke yake, kwa maana anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa au kupatwa na kifafa. Aende kituo cha afya asaidiwe kupunguza kwa utaratibu.

Dawa ya kuacha pombe na hatari ya siri

Kuna dawa inayozuia kazi ya ALDH2 kwa makusudi. Inaitwa disulfiramu. Katika miaka ya 1940 watafiti wawili wa Denmark, Jens Hald na Erik Jacobsen, walikuwa wakiichunguza kama dawa ya minyoo na wakaimeza wenyewe. Kila waliponywa pombe, waliugua. Waligundua kwamba asetaldehidi ilikuwa ikijaa mwilini, na dawa hiyo ikawa msaada kwa watu wanaotaka kuacha ulevi.

Humfaa mtu aliyekubali mwenyewe, aliyepimwa moyo na ini, na anayefuatiliwa na mhudumu. Kumtilia mume, kaka au mtoto dawa kama hiyo kwenye chai au mboga bila yeye kujua ni hatari kubwa. Mtu huyo akienda kunywa, presha yake inaweza kuanguka na moyo wake kwenda mbio bila mpangilio. Mwenye ugonjwa wa moyo uliojificha anaweza kufa. Uchungu wa kuishi na mlevi unaeleweka, na mama anayehangaika hastahili lawama. Anastahili msaada. Milango ya kuanzia ni kituo cha afya, ofisi ya chifu na mamlaka ya kitaifa ya kupambana na vileo na dawa za kulevya, NACADA.

Pombe haramu haina msafishaji

Kenya imezika watu wengi kwa ajili ya pombe iliyochanganywa na methanoli, ikiwemo misiba ya mwaka 2014 katika kaunti kadhaa na ile ya Kirinyaga mwezi wa Februari 2024. Methanoli hufanana na kileo cha kawaida kwa macho na kwa ladha, lakini safari yake mwilini ni tofauti. Hatua ya kwanza huigeuza kuwa fomaldehidi, na hatua ya pili huigeuza kuwa asidi ya fomiki. Kwa kileo cha kawaida hatua ya pili ndiyo wokovu. Kwa methanoli hatua ya pili ndiyo inayoleta sumu ya kupofusha macho na kuua.

Dalili huweza kuchelewa kwa saa nyingi, hata hadi siku inayofuata. Mtu akilalamika kwamba haoni vizuri, anatapika, anaumwa kichwa na tumbo na kupumua kwa shida baada ya kunywa, asiambiwe alale apoe. Apelekwe hospitalini mara moja, pamoja na wenzake wote waliokunywa naye, hata wale wanaojiona wazima. Aliyefika mapema anaweza kutibiwa.

Moshi wa meko na wa sigara

Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya kaya nchini Kenya hupikia kwa kuni. Anayepuliza moto huo asubuhi na jioni ni mama au msichana ambaye pengine hajawahi kuonja pombe. Hata hivyo, akrolini, asetaldehidi na fomaldehidi za moshi humwingia kwa kila pumzi, na kazi ya kuziondoa huangukia vimeng'enya vilevile. Moshi huo huchangia ugonjwa wa moyo, kiharusi na magonjwa ya mapafu.

Si kila nyumba inayoweza kununua mtungi wa gesi leo. Lakini zipo hatua zinazopunguza madhara bila gharama kubwa. Kuni zilizokauka vizuri hutoa moshi mchache kuliko mbichi. Dirisha au tundu juu ya meko hupitisha moshi nje. Jiko lililoboreshwa hutumia kuni chache. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha huiva upesi, na muda wa kukaa kwenye moshi hupungua. Mtoto mchanga asibebwe mgongoni wakati wa kupuliza moto. Jiko la makaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala, kwani gesi yake huua usingizini.

Wauzaji wa chipsi, mandazi na samaki nao wana sehemu yao. Mafuta yaliyotumika mara nyingi hadi yakawa meusi na kutoa moshi, yana aldehidi nyingi. Yamwagwe. Hasara ya lita moja ni ndogo kuliko kumpoteza mteja. Na kwa mvutaji sigara, hakuna hatua itakayousaidia moyo wake kwa haraka kuliko kuacha.

Maswali yanayoulizwa mara nyingi

Je, kuna haja ya kupimwa jeni ya ALDH2? Kwa wakazi wengi wa hapa, hapana. Badiliko hilo ni nadra kwao, na fedha za kipimo hicho zitafaa zaidi kwa vipimo vya presha na sukari. Mtu wa asili ya Asia Mashariki ambaye uso wake huwa mwekundu akinywa anaweza kuichukua dalili hiyo kama jibu, na akaiacha pombe.

Je, kuna dawa? Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walionyesha kwamba empagliflozini, dawa ya kisukari, ilisaidia mishipa ya damu iliyoathiriwa na udhaifu wa ALDH2. Walitumia seli za binadamu zilizokuzwa maabara pamoja na panya. Ni habari njema, lakini si ruhusa ya mtu kujinunulia dawa hiyo. Mwenye kisukari ataandikiwa na daktari inayomfaa.

Je, chakula fulani hukiongeza kimeng'enya hiki? Hakuna mboga wala mzizi unaoweza kutangazwa hivyo kwa uhakika. Kinachojulikana ni njia ya kukipunguzia mzigo: pombe kidogo au kutokunywa kabisa, kutovuta sigara, kupunguza moshi, kudhibiti sukari na presha, kula mboga na matunda, na kutembea.

Hatua za kuchukua wiki hii

Kila mtu mzima apimwe presha. WHO inasema karibu nusu ya watu wazima wenye presha ya juu hawajui kwamba wanayo. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, katika siku mbili tofauti, kinahitaji kushughulikiwa. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii walipewa mikoba yenye mashine za kupima presha na sukari, na wanafika nyumbani. Akibisha hodi, afunguliwe mlango. Zahanati na vituo vya afya navyo hupima.

Chumvi kwa siku isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kwa mtu mmoja, pamoja na ile iliyo ndani ya mkate na viungo vya pakiti. Dawa za presha zisikatizwe kwa sababu mtu anajisikia mzima. Anajisikia mzima kwa sababu anazitumia.

Ambaye hajajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ajisajili kwa kubonyeza *147# au kwa msaada wa mhudumu wa afya ya jamii, asingoje hadi siku ya ugonjwa.

Na la mwisho, ambalo kila kikundi kinaombwa kulirudia kwa pamoja kabla ya kutawanyika. Kifua kikibana kwa zaidi ya dakika chache, maumivu yakienda mkononi, shingoni au kwenye taya, jasho jembamba likitoka na pumzi ikikata, huo ni mshtuko wa moyo hadi daktari aseme vinginevyo. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, hicho ni kiharusi. Mgonjwa asipewe soda, asikandwe mafuta, asingojewe hadi asubuhi. Atafutiwe gari na afikishwe hospitalini. Kila dakika inayopita kuna misuli ya moyo inayokufa, na kimeng'enya chochote kile, hata kiwe na nguvu namna gani, hakiwezi kufufua seli iliyokwisha kufa.

Kila mmoja amfikishie jirani yake ujumbe huu.